Jivu la Kuazima

Jumatatu, 1 Septemba

Zamu ya asubuhi mizanini. Malori kumi na moja kabla ya saa tatu. Vumbi la kokoto hadi ndani ya chai. Kila dereva anaapa hajazidisha mzigo, mizani inasema mengine, na mimi naandika yale ya mizani. Miaka kumi na tisa hapa Mlolongo, kazi ni hiyo.

Mwenyekiti wa ranchi amenipigia mara tatu. Kaunti imeleta ramani. Sehemu yote ya chini ya ranchi yetu kule Konza, kuanzia barabara ya mchanga hadi silanga, lile bwawa ng'ombe wanakonywea, imepakwa rangi ya kijani. Kijani maana yake hakuna kujenga, hakuna ua, hakuna kukatakata ploti. Malisho na njia ya wanyama pori, basi. Kipande changu, nilichoachiwa na baba, kiko katikati ya hiyo kijani.

Na mimi nina mnunuzi. Jamaa wa Nairobi, anataka yadi ya malori. Tulishikana mikono mwezi wa saba. Akisikia habari ya kijani atatoroka.

Sijaketi tangu simu ya kwanza. Mke wangu Mwende anasema nitatoboa sakafu ya watu.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike wazi kwa nini nauza, nisije nikajichanganya mwenyewe.

Tunapanga ghorofa ya nne. Maji siku mbili kwa wiki. Nina miaka hamsini na nne na magoti yameanza kulalamika kwenye ngazi. Nikiuza, tunanunua ploti Masii, kwao Mwende, tunafungua duka la misumari na saruji. Ni hayo tu. Sijaomba mbingu. Halafu mtu ambaye hanijui anakaa ofisini na kalamu ya kijani.

Nina hasira. Hata chakula kinaniudhi.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkutano wa wanachama, Konza. Nilienda na pikipiki yangu, nikafika na mchanga kwenye meno.

Kelele tupu. Mzee mmoja alisimama na hati yake ameifunga kwa nailoni, akaitikisa juu. "Punda milia ako na title? Ako na share kwa hii ranchi? Nilipe miaka yote hiyo, halafu niambiwe nipishe punda?" Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Kisha akasimama Syokau. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita. Ndiye alibaki. Alirudi kutoka ndoa yake zamani, akamtunza mama hadi tukamzika, na sasa anaishi peke yake pale juu, kwenye kipande chake, na ng'ombe kumi na mmoja.

"Punda hana title," akasema. "Lakini hata ng'ombe yako hana, mzee, na anakula kwa shamba ya kila mtu hapa, hata kwangu. Kila mtu akiweka waya, utalisha wapi? Ndani ya nyumba?"

Wengine walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu. Hajui habari ya mnunuzi. Hakuna anayejua ila Mwende.

Tukitoka, Mwenyekiti akatuvuta pembeni wachache. Anasema ramani bado ni rasimu. Boma ambalo mtu anaishi kabla ya maafisa kuja kuhesabu, mwisho wa mwezi, litaachwa nje ya kijani. Boma lenye mtu. Alisema mara mbili, akatukazia macho.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeomba siku tatu kazini, nikasema ni msiba. Sitaki kufikiria nimemuua nani.

Konza imeingiwa na wazimu. Kila upande nyundo. Watu ambao sijawahi kuwaona kwenye ranchi, sasa wako na mafundi na mabati. Chumba kimoja, mlango, kufuli. Hakuna dirisha, la nini? Tunaziita nyumba za wiki moja.

Yangu ilichukua siku mbili. Fundi Mutiso aliuliza kitanda kitakaa upande gani. Nilimwambia amalize kazi.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo tumeweka ua. Nyaya tatu za umeme wa sola, nguzo za mkaratusi, kisanduku kinachofanya tik tik tik. Mwenyekiti alisema boma bila ua halionekani kama boma.

Saa tano Syokau akashuka na ng'ombe kuwapeleka maji, kama kila siku tangu baba akiwa hai. Wa mbele, yule mwekundu, akagusa waya kwa pua. Aliruka miguu yote minne. Wenzake wakageuka, vumbi, ndama akaanguka.

Syokau hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliufuata waya kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Mwana wa mwaitu, umenifungia maji." Mtoto wa mama yangu. Ananiita hivyo nikiwa nimekosa.

Tukagombana. Nilimwambia ardhi ni yangu. Akaniambia hajakataa. Nikamwambia ana mdomo mrefu kwenye mikutano. Akaniambia ng'ombe hawanywi mikutano. Kuzunguka hadi silanga kwa njia ya kigango, kanisa letu dogo, ni mwendo wa saa nzima na zaidi, na jua hili.

Nilitaka tu anyamaze. Nikasema, "Nakuja kukaa. Desemba. Ndiyo maana nimejenga."

Ilitoka laini kabisa. Sikuwa nimeipanga.

Uso wake, sijui niuandikeje. Alizunguka kile chumba mara mbili. Akasema mlango nimeuelekeza kwa upepo, nitakula vumbi, lakini tutaugeuza. Tutaugeuza, ndivyo alisema. Kisha akasema kama ni mimi nakuja, basi atauzunguka waya, si neno. Akawageuza ng'ombe, akaenda njia ya kigango.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemdanganya dada yangu na nimelala fofofo. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi.

Alhamisi, 18 Septemba

Mwenyekiti tena. Anasema maafisa si wajinga, hawaangalii kufuli. Wanaangalia jivu. Kwingine walifungua nyumba wakakuta sakafu safi kama sahani, wakazifuta zote.

Kwa hivyo sasa ranchi nzima inatafuta jivu. Sifanyi mzaha. Watu wazima na karatasi zao za kiwanja wanazunguka soko la Konza wakiuliza nani ana jivu, nani ana sufuria iliyoungua. Mama mmoja alibadilishana sufuria mpya na ya jirani yake yenye masizi, na jirani akakimbia nayo kabla hajabadili nia. Jamaa mwingine alichota gunia kwenye bucha ya nyama choma, akalimwaga chumbani bila kuangalia. Mifupa na vizibo vya soda. Ukiona sakafu yake utasema alikuwa na harusi.

Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha nikakumbuka kwangu pia hakuna jivu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nilienda kumwomba Syokau jivu. Nilijiandaa kwa maelezo marefu. Hakuuliza. Alijaza debe, akalibeba yeye mwenyewe, akakataa nisimsaidie.

Alipofika hakulimwaga. Akatafuta mawe matatu, akayapanga, akaweka jivu chini yake vizuri, halafu akawasha moto juu. Anasema nyumba haianzishwi na jivu baridi. Akafungua mlango moshi uingie kwenye mabati. Akachemsha chai. Alikuwa amebeba isyo kwenye kikopo, mahindi na maharagwe, na kitunguu cha kukaanga juu kama alivyokuwa akifanya mama.

Tulikaa kwenye nguzo zilizobaki. Alizungumza kuliko mwaka mzima uliopita. Kwamba siku hizi anawatoa ng'ombe alfajiri ili wazunguke kabla ya jua. Kwamba ndama anachechemea lakini atapona. Kwamba Desemba itakuwa rahisi, mmoja ataenda na ng'ombe na mwingine atabaki kupika. Kwamba tangu mama atutoke hajawahi kula chakula cha jioni na mtu, isipokuwa jumuiya ya kanisa ikisali kwake.

Ningesema. Nafasi ilikuwepo, kubwa, mchana kweupe. Badala yake nilikula sahani mbili.

Jumatano, 24 Septemba

Mnunuzi alikuja kuona. Gari kubwa, hakutaka kukanyaga mavi ya ng'ombe. Punda milia kama ishirini walikuwa wamesimama nje ya waya, upande wa barabara, wanaangalia upande wa maji. Walikuwepo nilipofika na tulipoondoka bado wapo. Akawapiga picha. "Wataondoka tu," akasema. Anataka tumalize mapema, kabla ya mvua.

Nimekuwa nikitembea chumbani tangu nirudi. Mwende amechukua cherehani yake akahamia kwa jirani.

Jumanne, 30 Septemba

Maafisa walipita jana. Waliandika, wakaondoka. Alhamisi ni kikao cha maoni ya wananchi, kwenye darasa la shule ya msingi. Hapo watasoma orodha ya maboma, watu wakubali au wapinge.

Nimezunguka meza hadi Mwende akazima taa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Darasa lilijaa hadi madirishani. Afisa wa mipango ya ardhi ni msichana wa miaka thelathini hivi, sauti ndogo, lakini haogopi. Alibandika ramani ubaoni. Akaeleza kuhusu mji mpya unaokuja jirani, jinsi kila mtu atauza kipande kimoja kimoja hadi siku moja tuamke hakuna malisho, hakuna njia, na ng'ombe wetu wamekuwa wa kufungiwa kama kuku. Alikuwa na ukweli. Yule mzee wa hati ya nailoni akajibu kwamba umaskini wake hauwezi kuwa bustani ya watalii. Naye pia alikuwa na ukweli. Nilichoka kukubaliana na kila mtu.

Kisha akatoa orodha. Maboma thelathini na mawili, yote yana jivu. Akatabasamu kidogo. Akauliza nani anapita sehemu ya chini kila siku. Darasa zima likageukia Syokau. Ungemwuliza nani mwingine? Anapita pale asubuhi na jioni, na ni mwenyekiti wa jumuiya. Neno lake halina mtu wa kulipinga, hata wanaomchukia.

Afisa akamwuliza, boma moja moja, kama kuna mtu anayelala.

"Hapo hakuna mtu."

"Hapo hakuna mtu."

"Hapo kuna mlinzi, lakini alienda."

Hakupaza sauti wala hakupunguza. Watu walianza kunguruma. Mwenyekiti alisimama akaambiwa aketi. Nilihesabu majina yakija kwangu, kumi, tisa, nane. Nilijua hatadanganya. Sijawahi kumsikia Syokau akidanganya, hata tukiwa wadogo, hata kuepuka kiboko. Nilijua, na nilianza kupumua, karibu nifurahi iishe.

Jina langu likasomwa.

Akashika kitambaa cha kichwa.

"Huyo ni ndugu yangu," akasema. "Analala hapo."

Mtu nyuma yangu alisema, "Kumbe!" Tu hivyo. Afisa akaandika. Syokau akaketi, akaangalia mbele, na hakugeuka upande wangu.

Hajui habari ya mnunuzi. Amenidanganyia ili nirudi nyumbani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mwenyekiti amenipigia kunitukana. Watu thelathini na mmoja wamepoteza, mmoja amepona, na ni ndugu ya shahidi. Anasema Konza nzima inajua. Hawanisemi mimi, wanamsema yeye.

Mnunuzi pia amepiga. Huyo anafurahi.

Jumapili, 5 Oktoba

Nilienda misa kigangoni, Konza. Sijaenda tangu mazishi ya mama. Nilijiambia naenda kumsalimia.

Kwanza, benchi lake. Kwa kawaida wanawake wa jumuiya hujazana pale mpaka mtoto hapiti. Leo alikaa na nafasi kubwa kila upande. Mtu wa nje hangeona lolote.

Kisha komunyo. Watu wakasimama, benchi kwa benchi. Syokau hakusimama. Alibaki ameketi, mikono kwenye magoti, na watu wakampita kwa kumruka miguu. Mimi nimezoea kubaki kwenye benchi, ndoa yangu na Mwende haijapita kanisani, sijali. Yeye hajazoea. Alikuwa hajui aangalie wapi. Kila Jumapili ya maisha yake amesimama, na leo amekaa mbele ya watu wote kwa uongo aliousema kwa sababu yangu, na hata hajui ni kwa sababu gani hasa.

Baada ya misa nilimfuata. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeiandika ili nione inavyokaa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mizanini. Nimeandika uzito wa lori la kwanza kwenye mstari wa lori la tatu. Mara mbili. Msimamizi amenituma nyumbani nikapumzike. Nimepumzika kwa kuzunguka Mlolongo nzima kwa miguu, hadi kwenye mashimo ya machimbo na kurudi.

Jumanne, 7 Oktoba

Machakos. Ofisi za kaunti, ghorofa ya pili. Yule afisa alikuwa anakula viazi kwenye karatasi, akafuta mkono.

Nikamwambia siishi pale. Sijawahi kulala pale. Nina mnunuzi. Dada yangu hakujua, aliambiwa na mimi kwamba nahamia. Nilitaka aandike hiyo sentensi ya mwisho hasa. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba kipande kitarudi kwenye kijani. Nikasema ninaelewa. Akanipa karatasi, nikaandika kwa mkono, nikatia sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua laini ya simu. Nikamwomba isomwe kikao kijacho, mbele ya watu. Akasema itasomwa.

Nilimpigia mnunuzi nikiwa kwenye ngazi. Alinitukana kwa Kiingereza kizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwambia Mwende. Alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi. Akasema, "Na Masii?" Akatia uzi mwingine.

Si haki kwake pia. Hakuna njia niliyoipata ambayo haimkanyagi mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimkuta Syokau akikamua. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ningeanza kuzungukazunguka. Nikamwambia yote. Yadi, mnunuzi, Desemba ya uongo, Machakos.

Aliendelea kukamua. Aliniuliza kitu kimoja.

"Huyo mtu ulipata lini?"

"Mwezi wa saba."

Akafikiri. "Kwa hivyo hata siku ile nilikuwashia moto."

"Hata siku hiyo."

Akamaliza kukamua. Akafunika ndoo, akamwachilia ndama, akaingia ndani. Hakufunga mlango. Nilisimama pale nusu saa na zaidi nikiangalia mlango uliofunguliwa, na sikuwa na ujasiri wa kuingia wala wa kuondoka. Mwishowe niliondoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hapokei simu. Ramani bado haijapitishwa. Wanachama wamekodi wakili. Mwenyekiti akiniona Mlolongo anavuka barabara, na barabara hiyo si ya kuvuka ovyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mimi na Mutiso tulianza saa moja asubuhi. Tulizima kisanduku, tukakunja nyaya, tukang'oa nguzo, tukajaza mashimo. Mabati tutayatoa wiki ijayo. Hakukuwa na upepo. Kazi ilikwisha saa nne, Mutiso akaenda zake na nyaya.

Saa tano Syokau alishuka na ng'ombe, kwa njia ya zamani, moja kwa moja. Alikuwa ameona kutoka juu. Hakunisalimia.

Ng'ombe walipofika pale waya ulipokuwa, walisimama. Wote kumi na mmoja, wamejipanga kwenye mstari, na mbele yao hakuna kitu, ni nyasi tu. Syokau akapiga mluzi. Akampiga yule mwekundu mgongoni kwa fimbo. Mwekundu akanyoosha shingo, akanusa hewa, akarudi nyuma. Wiki tano zilitosha kuwafundisha. Maji wanayaona, wanalia kwa kiu, na hawavuki.

Tulisimama hivyo muda mrefu, mimi upande huu na yeye upande ule.

"Tangulia," akasema. Ndilo neno la kwanza wiki nzima. "Tembea hapo mbele, wakuone."

Nikaenda hadi pale walipo. Nikageuka, nikatembea mbele yao polepole, nikapita pale waya ulipokuwa, nikaendelea. Nyuma yangu kimya. Nikaendelea tu. Halafu nikasikia kwato, moja, kisha nyingi.

Niliwatangulia hadi silanga bila kugeuka. Wakanywa wote. Syokau alifika wa mwisho, akakaa upande wa pili wa maji.